NGUVU YA KUPANDA MLIMA KATIKA PIKIPIKI YA MIPIGO MIWILI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi letu baada ya mkutano wa mwezi. Yanachapwa hapa kwa ombi la wenzetu waliokuwa zamu siku ile.)



Kamati imetuomba tuzungumze nanyi juu ya pikipiki. Labda wako watakaouliza, je, Chama kimemaliza mambo ya mishahara na nyumba na malipo ya uzeeni hata sasa kigeukie pikipiki? Hakijamaliza, na Katibu ameyasema hayo sasa hivi. Lakini tazameni pale nje chini ya mti. Pamoja na pikipiki mpya zipo zile za zamani za mipigo miwili, zile zenye kutoa moshi wa buluu: Yamaha DT 175, DT 125, AG 100, na Suzuki moja moja. Ni pikipiki zilizotengenezwa kwa njia mbaya, si kwa lami. Nyingi zilifanya kazi kwa maofisa wa kilimo na wa mifugo, kisha zikauzwa mnadani, na mwanachama akainunua kwa mkopo wa akiba, ambao anaulipa kila mwisho wa mwezi. Basi ikiharibika, kilichoharibika ni mshahara. Kwa hiyo shauri hili ni la mshahara vile vile.

Lalamiko tunalolisikia ni moja. "Inalia sana lakini haivuti." Katika tambarare inakwenda. Ikifika mlimani na mke nyuma, au gunia la viazi, inakufa chini kabisa, mpaka mtu avute klachi na kuisokota ipige makelele ndipo ipande. Halafu fundi wa njiani anamwambia, "Lete silinda tuichonge, utaona nguvu." Juu ya neno hilo la kuchonga ndiko tunakotaka kufika leo, maana limewala wenzetu fedha nyingi. Lakini kwanza yafaa tujue injini yenyewe inapumua namna gani, kwa kuwa asiyejua inavyopumua atauziwa chochote.

Pikipiki za boda za siku hizi karibu zote ni za mipigo minne. Zina vali juu kichwani, na pistoni hupanda na kushuka mara mbili kabla ya kupata moto mmoja. Hii yetu hupata moto kila mzunguko mmoja wa krenki. Haina vali kichwani. Ina madirisha yaliyokatwa katika ukuta wa silinda, na pistoni yenyewe ndiyo mlango wa kufungua na kufunga. Pistoni ikipanda, huvuta hewa na petroli na oili kuingia chini, katika chumba cha krenki. Ikishuka huifinya hewa ile, nayo hupita madirisha ya pembeni na kupanda juu ya pistoni, wakati ule ule ambapo dirisha la moshi liko wazi. Hapo ndipo penye siri yote. Mchanganyiko mpya unaingia na moshi wa zamani unatoka kwa pamoja, na hakuna askari mlangoni wa kuwatenganisha. Injini ikizunguka polepole, mchanganyiko mpya una nafasi ndefu ya kutoroka na moshi. Ikizunguka mbio nafasi hiyo ni fupi. Ndiyo sababu mipigo miwili kwa asili yake ni hodari juu na mnyonge chini.

Sisi watu wa reli tumezoea mashine ya tabia nyingine. Wazee wetu walioendesha Garratt za daraja la 59, zile 34 zilizojengwa na Beyer Peacock huko Manchester mwaka 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima, wanajua kwamba injini ya mvuke huvuta kwa nguvu zake zote ikiwa imesimama kabisa. Mvuke unasukuma pistoni hata kabla gurudumu halijageuka. Injini ya petroli haijui jambo hilo. Ikisimama, imekufa. Hakuna fundi duniani atakayeifanya DT ivute kama Garratt kutoka kituoni. Kitakachowezekana ni kuirudishia nguvu ya chini iliyotoka nayo kiwandani, na kuongeza kidogo juu yake. Mwanachama akielewa neno hilo, nusu ya fedha yake imekwisha kuokoka.

Nasi twasema "kuirudishia" kwa makusudi. Pikipiki nyingi kati ya zile pale nje hazikosi nguvu kwa sababu ya umbo lake. Zimeipoteza. Imevujia mahali.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni sili za krenki. Tumesema chumba cha krenki ni pampu. Pampu yenye tundu haisukumi, na tundu dogo hudhuru zaidi injini inapokwenda polepole, kwa kuwa hewa ina wakati wa kupita. Sili ziko mbili. Ya upande wa magneto ikichakaa, injini huvuta hewa tupu. Utaona inaunguruma juu yenyewe bila kuguswa mkono wa mafuta, haitulii, tena inapata joto mno. Hiyo ni hatari, maana hewa tupu haina oili ndani yake, na siku moja pistoni itashika ndani ya silinda katikati ya njia. Ya upande wa klachi ikichakaa, injini huvuta oili ya gia, na moshi mweupe mzito hauishi hata injini ikiwa moto. Mwenye pikipiki akiona kila mwezi anaongeza oili ya gia na hapana tone chini, basi ajue oili inakwenda wapi.

Kupima si kazi kubwa. Ziba bomba la kabureta na dirisha la moshi kwa vizibo vya mpira, tia hewa kwa pampu ndogo mpaka pauni 6 kwa inchi mraba, usizidishe, kisha tazama saa. Ikishikilia dakika 6, injini imeziba. Ikishuka, paka maji ya sabuni kila mahali, uone mapovu yanatokea wapi: gasketi ya chini ya silinda, mpira wa kabureta uliopasuka, au sili. Wenzetu wa breki hawahitaji kufundishwa kazi ya maji ya sabuni. Twashangaa kwamba mtu anayepima mabomba ya breki ya behewa kila siku hajawahi hata mara moja kupima injini yake mwenyewe.

Mahali pa pili ni ndimi za chuma zilizo kati ya kabureta na chumba cha krenki. Mafundi huziita ridi. Pikipiki za zamani sana hazikuwa nazo. Yamaha ilizitia katika pikipiki zake za njia mbaya za mwaka 1972, ikaupa mpango huo jina la kiingereza lenye maana ya uvutaji wenye nguvu, na sababu yake ni jambo hili hili tunalolizungumza. Bila ulimi, injini ikienda polepole hutema nyuma sehemu ya ilichomeza, na petroli hurudi katika kabureta kama ukungu. Ulimi huruhusu kuingia, hukataza kutoka. Sasa, ulimi uliopinda au uliovunjika ncha haukatazi kitu. Zifungue, zielekeze kwenye jua. Ukiona mwanga unapita pembeni mwa ulimi kwa upana wa kucha, hiyo nguvu yako ndiyo inayotoroka hapo. Ndimi mpya ni kitu cha bei ndogo. Wako wanaozigeuza upande wa pili ziketi vizuri. Kwa muda hufaa, lakini chuma kilichochoka hukatika, na kipande huingia katika krenki. Zipo pia ndimi za nyuzi za kioo, laini kuliko chuma. Hizo hufunguka upesi kwa pumzi ndogo, na kwa mtu wa milimani tunazisifu.

Tatu ni masizi. Dirisha la moshi hujaa masizi meusi magumu, hasa kwa mtu anayetia oili ya gari la mipigo minne kwa kuwa alipata bure. Shimo linapungua, na sailensa inaziba kabisa. Fungua bomba, kwangua dirisha kwa mti au kwa kipande cha shaba, usitumie bisibisi ya chuma, na pistoni iwe imeshuka chini isikwaruzwe. Bomba la chuma huweza kulazwa usiku kucha katika maji ya kostiki soda kisha likaoshwa. Lakini angalieni sana: kostiki soda hula alumini. Isiguse silinda wala kichwa, na isiguse macho yenu. Wenye zile DT 125 zinazopozwa kwa maji ambazo zina vali katika dirisha la moshi, watazame vali hiyo. Kazi yake ni kulishusha dirisha injini ikienda polepole, na kulipandisha ikienda mbio. Masizi yakiishika ikabaki wazi, pikipiki ina nguvu juu na chini haina kitu. Tumeona ikisafishwa jioni moja, na asubuhi mwenyewe akafikiri amepewa injini nyingine.

Na ringi zilizochakaa hatuna haja ya kuzihubiri. Mtu akipiga kiki kwa mkono na pistoni isimpinge, anajua.

Sasa tuje kwenye petroli, nasi hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu nchi yetu si tambarare na reli yetu yashuhudia. Mombasa ni usawa wa bahari. Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600. Timboroa njia inapita juu ya mita 2,700. Hewa inapungua unavyopanda, na pale Timboroa ni kama robo tatu ya ile ya pwani. Kwa hiyo injini yoyote isiyosukumiwa hewa imekwisha kupoteza karibu robo ya nguvu yake kabla haijaguswa na fundi. Hilo hatuwezi kulizuia. Lakini kuna hasara ya pili juu ya hiyo. Hewa imepungua, na jeti ya kabureta inaendelea kutoa petroli kwa kipimo kile kile cha pwani. Mchanganyiko unakuwa mzito, plagi inalowa na kuwa nyeusi, na injini inakohoa chini kabisa mahali tunapotaka ivute. Mtu amehamishwa kutoka Changamwe kwenda juu kule Londiani, na pikipiki yake amekwenda nayo, kisha analalamika imezeeka njiani. Haikuzeeka. Haikubadilishiwa jeti.

Tena wengi hubadilisha jeti isiyo yenyewe. Jeti kubwa ya chini hufanya kazi mkono wa mafuta ukifunguliwa robo tatu mpaka mwisho. Mtu apandaye mlima polepole katika matope hafungui robo tatu. Kutoka kuzima mpaka robo ni kazi ya jeti ndogo ya kuungurumia na skrubu yake ya hewa, pamoja na ule mkato ulio chini ya mlango wa kabureta. Kutoka robo mpaka robo tatu ni sindano. Basi asiye na nguvu ya chini aanze na skrubu ya hewa, injini ikiwa moto: aizungushe polepole mpaka injini iungurume juu kuliko pengine pote, aiache hapo. Ikiwa skrubu haileti badiliko lolote, jeti ndogo imeziba au si saizi yake. Baadaye ashushe sindano pini moja kama bado inakohoa. Kila badiliko moja, apande mlima ule ule na mzigo ule ule, kisha afungue plagi. Rangi ya chai ya maziwa ni njema. Nyeupe ni onyo.

Na hapa tuseme kwa nguvu: aliyepunguza jeti kwa ajili ya Timboroa, akiteremka nayo Voi au Mombasa, arudishe jeti ya zamani kabla hajakwenda safari ndefu. Kule chini hewa ni nyingi, petroli itakuwa haba, na pistoni itashika. Tena DT na AG zina pampu yao ya oili inayovutwa na waya kutoka mkono wa mafuta. Ukigusa kabureta, angalia alama ya pampu ile. Wale walioing'oa pampu na kuchanganya wenyewe wakumbuke hesabu: moja kwa hamsini ni mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli, moja kwa ishirini na tano ni mililita 40. Wapime kwa chombo, si kwa jicho.

Petroli yenyewe nayo ina maneno. Kuchanganya mafuta ya taa katika petroli kulienea hata Serikali ikaweka ushuru wa Sh. 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuzuia. Petroli ya namna hiyo hulipuka kwa kugonga, na injini inayogonga mlimani hutoboka pistoni. Ukisikia kama kokoto ndogo zinagonga ndani, punguza mkono wa mafuta mara moja.

Moto wa plagi tutaupita upesi. Katika zile za zamani zenye pointi, kisigino cha pointi kikiisha, nafasi hupungua na moto huchelewa, na nguvu ya chini huondoka polepole hata mwenyewe asitambue. Rudisha kipimo cha kitabu. Wako wanaowahisha moto kupita kitabu ili wapate nguvu chini. Kweli inaongezeka kidogo, lakini kwa petroli tunayouziwa sisi hatuwashauri.

Mpaka hapa, ndugu, hatujanunua kitu kikubwa. Tumeziba, tumesafisha, tumepima. Baada ya hayo ndipo tunaweza kuongeza, na cha kwanza kuongeza si nguvu bali meno. Tuseme sproketi ya mbele ina meno 15 na ya nyuma 45. Gurudumu linazunguka mara moja kwa mizunguko 3 ya sproketi ya mbele. Weka 14 mbele, inakuwa 3.2 na kidogo. Mvuto katika gurudumu umeongezeka kwa kadiri ya asilimia 7, na mwendo wa juu umepungua hivyo hivyo. Ni sproketi moja ndogo na nusu saa ya kazi, na ukichukia unairudisha ya zamani. Hakuna jambo lingine katika mazungumzo haya ambalo fedha yake ni kidogo hivyo na matokeo yake ni hakika hivyo. Reli imefanya hivyo tangu mwanzo. Injini ya mizigo haipewi magurudumu ya injini ya abiria wa mbio. Lakini mafundi wengi wa njiani hawaitaji sproketi. Twadhani ni kwa sababu haina faida kwao.

Magurudumu ya uzito ya krenki tunayataja tu. Kuongeza uzito katika flaiwili hakuongezi nguvu hata chembe, ila kunaifanya injini isife upesi kwenye jiwe, na tairi lishike badala ya kuteleza. Atakayefanya, apeleke kwa mtu mwenye mashine ya kusawazisha. Flaiwili iliyochomelewa chuma kwa kubahatisha itavunja beringi, au itapasuka.

Kichwa cha silinda kina faida ya kweli, nacho kinapimika. Ingiza waya wa risasi ya kulehemu kupitia tundu la plagi mpaka uguse ukuta wa silinda upande wa pini ya pistoni. Zungusha kiki polepole pistoni ipite juu. Toa waya, pima ulipobanwa. Ikiwa milimita 2 au zaidi, una nafasi inayopotea bure. Kwa gasketi nyembamba au kwa kuukata uso wa kichwa kwenye leti, unaweza kushuka mpaka milimita 1.2 hivi. Mfinyo unaongezeka, na moto unakwenda haraka na sawasawa. Usishuke chini ya 1. Krenki hunyooka ikiwa mbioni, na pistoni itagonga kichwa.

Sasa bomba la moshi. Wanachama vijana huvutiwa na bomba lenye tumbo, la pikipiki za mashindano, wakiona kwamba aliye nalo anapita kama risasi. Tuwaeleze lilikotoka. Katika miaka ya 1950, mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ kule Zschopau, Ujerumani ya Mashariki, aliichunguza pumzi ya moshi akaona kwamba kishindo chake huenda na kurudi ndani ya bomba. Bomba likipanuka, kishindo kinachorudi huvuta. Bomba likifinyana, kinachorudi husukuma. Akatengeneza bomba ambalo kwanza huvuta moshi utoke, kisha husukuma mchanganyiko uliotoroka urudi ndani kabla dirisha halijafungwa. Lile bomba ndilo askari wa mlangoni tuliyesema hayupo. Mwaka 1961 injini yake ndogo ya sentimita 125 ilitoa nguvu za farasi kama 25. Mwezi wa Septemba mwaka huo mwendeshaji wake, Ernst Degner, akatoroka baada ya mashindano ya Sweden, akaenda Suzuki na ujuzi ule, na mwaka 1962 Suzuki ikachukua ubingwa wa dunia wa pikipiki za sentimita 50. Wazee wa reli hawatashangaa, maana Garratt zetu nyingi nazo ziliongezewa bomba bapa la moshi la mhandisi Giesl wa Austria, na injini ikapumua vizuri zaidi bila kuongezewa pistoni.

Lakini bomba la tumbo hufanya kazi kwa mwendo wake tu. Kishindo husafiri karibu mita 500 kwa sekunde. Dirisha likiwa wazi nusu mzunguko, katika mizunguko 9,000 kwa dakika kishindo kina nafasi ya kwenda na kurudi sentimita 83 tu. Katika mizunguko 7,000 kina mita 1 na sentimita 7. Maana yake, bomba fupi la mashindano linakusaidia juu kabisa, na chini kinarudi wakati usio wake na kukudhuru. Atakaye mvuto wa mlimani anataka bomba refu jembamba, na lililo karibu zaidi na hilo ni lile lile lililokuja na pikipiki kutoka kiwandani. Wengine wameliuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu wakanunua la kelele.

Na sasa kuchonga. Twasimulia jambo la mwenzetu mmoja wa genge la njia, ambaye hatutamtaja, wala fundi hatutamtaja. DT 175 yake ilikuwa imechoka kupanda. Fundi akamtolea silinda, akalipandisha dirisha la moshi kwa tupa milimita 3, akachukua fedha iliyokuwa imewekwa kwa karo. Pikipiki ikarudi inapiga kelele kama nyuki, na kwenye lami ilikimbia kweli. Mlimani, kwa gia ya kwanza na gunia moja, ilisimama. Alipotuletea tulipima. Katika injini yenye pistoni ya mwendo wa milimita 50, kila milimita 1 ya dirisha huongeza digrii 4 au 5 za kukaa wazi. Milimita 3 ni digrii 14 hivi. Injini ya njia mbaya hukaa wazi digrii 170 mpaka 180. Ya mashindano huvuka 190. Yule fundi alikuwa amemtengenezea mtu wa viazi pikipiki ya mashindano. Tena tulipoweka vizibo na kutia hewa, sindano ya saa ikashuka wakati tunaitazama. Sili ya upande wa magneto ilikuwa imekwisha. Ugonjwa wake wa kwanza ulikuwa huo, na haukuguswa.

Sili ilibadilishwa siku ile ile. Silinda ikabidi itiwe slivu mpya ya chuma na kukatwa madirisha kwa kipimo cha kiwanda, kwa kuwa tupa huondoa chuma, hairudishi. Kushusha silinda nzima kwa kuikata chini kunawezekana dirisha likiwa limezidi kidogo tu, milimita 1 au pungufu, na kichwa kirekebishwe pamoja nayo. Kwa milimita 3 haiwezekani. Sasa inapanda, kwa sproketi ya meno 14. Karo ililipwa kwa mkopo mwingine.

Kwa hiyo fundi akikuambia atachonga, mwulize maswali matatu. Ametia hewa na kuipima injini? Dirisha liko digrii ngapi sasa, na baada ya tupa litakuwa ngapi? Na ikiharibika, silinda nyingine atatoa nani? Akikasirika, chukua silinda yako uende nyumbani.

Kwa wale ambao bado hawajanunua, tusiwafiche: mtu anayetaka kubeba watu na mizigo kila siku na kufika, anunue ya mipigo minne. Huvuta chini bila kubembelezwa, na petroli inakula kidogo. Sisi tunazipenda hizi za moshi kwa kuwa ni nyepesi, zinafunguliwa kwa spana chache kando ya njia, na kwa wengi wetu zimekwisha kulipiwa.

Neno la Katibu: wanachama wanaotumia pikipiki zao wenyewe kwenda kazini katika njia, kwa amri ya msimamizi, waandike kila safari, tarehe na kilomita, walete ofisini. Dai la posho halisimami bila maandishi.

Pampu yenye saa ya kupimia, pamoja na vizibo vya mpira, iko katika kabati la ofisi ya tawi. Hutolewa kwa kutia sahihi katika kitabu, na hurudishwa siku ya tatu. Vizibo vilivyopo ni vya DT 175 na AG 100 tu. Mwenye Suzuki alete kipimo cha mdomo wa kabureta yake na cha dirisha la moshi, tumkatie vyake. Sabuni kila mtu aje na yake.